Kiroboto na Koti la Karate

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kiroboto alipiga ngumi mia moja hewani nyuma ya nyumba. Alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu, na jina hilo alipewa na mdogo wake kwa sababu hatulii mahali pamoja. Hata uji aliunywa amesimama.

"Kaa chini unywe vizuri," mama yake alimwambia Jumanne hiyo. "Hata mabondia wana viti vyao kwenye kona."

"Mimi si bondia tena, mama. Ndondi niliacha."

"Ee, nimesahau. Siku hizi ni karate."

Kiroboto aliinamia kikombe chake, akamalizia uji.

Alitaka kuwa mpiganaji wa kulipwa, atakayepanda ulingoni watu wakilitaja jina lake. Hilo halikubadilika hata siku moja. Kilichobadilika ni mchezo wenyewe. Alianza na ndondi, akaruka kamba wiki tatu bila kumgusa mtu, akaacha. Akajaribu mieleka, akasema inamkaba shingo. Ndipo akahamia karate. Baba yake, ambaye ni fundi cherehani, alimshonea koti jeupe baada ya kumaliza kazi za wateja, mgongo ukimuuma.

"Sasa chagua mchezo huu, ukae nao," baba alimwambia. Kiroboto akaahidi.

Ahadi ilidumu mwezi mmoja. Mwalimu wa karate alikuwa akiwafundisha kusimama. "Kusimama nilijua tangu nina mwaka mmoja," Kiroboto aliwaambia wenzake. Kisha siku moja alichungulia dirisha la ukumbi ule ule, akaona wanafunzi wa judo. Msichana mrefu alimbeba mwenzake mnene kiunoni na kumlaza chini taratibu, kama mtu anayetua ndoo ya maji. Moyo wa Kiroboto ukahama tena.

Safari hii hakumwambia mtu nyumbani. Jumanne hiyo jioni alivaa koti lake la karate, akaenda kwenye judo.

Mwalimu wa judo alikuwa mama mfupi mwenye sauti ya chini.

"Umewahi kujifunza kuanguka?" alimuuliza.

"Ndiyo, mwalimu."

"Na koti hili ni la judo?"

"Ndiyo. Baba yangu ni fundi, alinishonea mwenyewe."

Mwalimu alinyoosha mkono ili alishike koti, lakini mtoto mmoja alikuwa amejikwaa kidole na analia, mwalimu akamkimbilia. "Fanya na Twiga," alisema akigeuka. "Polepole."

Twiga ndiye yule msichana mrefu wa dirishani. Jumamosi ya wiki ile alikuwa auwakilishe ukumbi wao kwenye mashindano.

"Wewe si wa karate?" aliuliza Twiga.

"Nimehama."

"Nasikia ulikuwa ndondi pia. Unahama kama kuku anayetafuta pa kutagia."

Alisema hivyo akicheka, huku akimfunga upya mkanda uliokuwa umelegea, kisha akamwachia upande wa godoro ulio laini zaidi. "Nishike ukosi. Usiogope, sitakutupa."

Walishikana. Twiga alivuta kidogo tu, kama wanavyovuta kila siku. Kiroboto hakutaka kuonekana mgeni, akajirudisha nyuma kwa nguvu zake zote. Koti likachanika kuanzia shingoni hadi kwapani. Twiga akaenda chali, kipande cha kitambaa mkononi. Yeye alijua kuanguka, na angesalimika. Lakini Kiroboto, aliyekuwa bado ameushika ukosi wa Twiga, hakujua, akaburutwa na kumwangukia juu kama gunia, goti lake likatua kwenye mkono wa mwenzake.

Kifundo cha mkono kilivimba mara moja. Mwalimu alikifunga kwa kitambaa chenye barafu, kisha akauliza nini kimetokea.

"Twiga amevuta sana," alisema mmoja.

"Labda ni kweli," alisema Twiga, machozi yakimlengalenga. "Nisamehe, Kiroboto. Koti lako nimelichana."

Kiroboto angeweza kunyamaza. Miguu yake ilitaka kutoka nje, kama siku zote. Alitazama ule mkono uliofungwa.

"Hakuvuta sana," alisema. "Koti ni la karate. Na kuanguka sijui. Nimedanganya."

Mwalimu hakumfokea.

"Twiga hatashindana Jumamosi," alisema. "Kwenye darasa la wanaoanza nina nafasi moja. Ukiitaka, Ijumaa uje na mzazi wako. Usipokuja, nitampa mwingine."

Nyumbani, Kiroboto aliweka koti lililochanika juu ya meza ya cherehani, akaeleza yote. Baba alisimamisha mguu wake, akapitisha kidole kwenye mpasuko.

"Kitambaa hiki ni chepesi ili mkono uruke," alisema. "La judo hushonwa kwa kitambaa kizito, na ukosi wake hupigwa mishono mingi, kwa sababu kazi yake ni kuvutwa. Ungeniuliza ningekwambia."

"Niliona aibu. Nilikuahidi."

"Basi ukaona bora uongo." Alivuta pumzi. "Vaa viatu. Twende kwa mwenzako kwanza."

Njiani Kiroboto aliuliza, "Baba, mchezo gani ni bora?"

"Mteja akiniuliza kitambaa gani ni bora, mimi namuuliza anataka kushona nini. Wewe ulisikia nini kule?"

Kiroboto alifikiri. "Tuliposhikana, kabla koti halijachanika, nilizisikia nguvu zake mikononi mwangu. Kama ananisemesha. Kwenye ndondi sikusikia hivyo, wala kwenye karate."

"Hilo ni jibu zuri. Lakini judo nayo itakuchosha."

Mama yake Twiga aliwafungulia mlango bila kutabasamu, hata hivyo aliwapa viti. Kiroboto aliomba msamaha amesimama. Twiga alimwonyesha mkono wake uliofungwa.

"Nimekasirika, sikufichi," alisema. "Na siwezi kufunga kamba za viatu. Mpaka nipone, kila asubuhi utapita hapa unifunge."

"Nitapita."

Alipita Jumatano, Alhamisi na Ijumaa, kabla kengele ya shule haijalia.

Ijumaa jioni alikwenda ukumbini na baba yake. Mwalimu alimpa koti la kuazima, zito, lenye viraka, akamweka safu ya mwisho pamoja na watoto wa miaka saba.

"Nisikilizeni nyote," mwalimu alisema. "Ndondi ina kuruka kamba, karate ina kusimama, judo ina kuanguka. Kila mchezo una sehemu inayochosha, na hapo ndipo mpiganaji anapotengenezwa. Ukiikimbia, hutakosa ushindi tu. Utamuumiza mwenzako aliyekuamini. Chagua kwa moyo, sema ukweli kuhusu usichokijua, kisha baki."

Walianza. Kiroboto alianguka vibaya. Mtoto aliyekuwa pembeni yake, mvulana mwenye pengo la meno, alimgusa bega.

"Dada, kidevu kifuani. Halafu piga godoro kwa mkono, hivi."

"Asante, kaka," alisema Kiroboto. Akainuka, akaanguka tena, na safari hii kichwa hakikugusa chini.