Hawana Haja

Jumamosi soko la Talamahu, kule Tonga, halina pa kuweka mguu. Sitani alisimama mbele ya meza ya magimbi, shati jeupe, mkeka wa ta'ovala kiunoni kaufunga ovyo ovyo, karatasi za maswali mkononi.

"Dada, una redio nyumbani?"

Lesieli, mwenye meza, akampandisha na kumshusha kwa macho. "Ninayo. Na mkeka wako unadondoka."

Kweli ulikuwa unadondoka. Soko likacheka. Lesieli akamrushia kamba ya makumbi.

"Karatasi yako inauliza kama nina redio. Mbona haiulizi nataka kusikia nini?"

Palepale Sitani akapenda.

Zikaanza simu.

"Umekula?"

"Nimekula, ila sijaishiba sauti yako."

"Acha uongo wako wa Auckland!"

Huko ndiko Sitani alikokulia, mtoto wa pekee. Alikuwa amerudi Tonga miezi minne tu, kufanya kazi kwenye mradi wa habari za afya. Mtaa utakaosema unahitaji kujua nini, ndio utakaopelekewa habari. Lesieli alijua anachotaka: habari za uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi. Saratani hiyo iliondoka na mama yake, na zahanati ya kupimia ilikuwa mwendo wa nusu saa. Hakuna aliyemwambia mama.

"Nitasema kikaoni, mpenzi. Wanawake wote watasema."

Kikao kikawa kwenye ukumbi wa kanisa. Sitani akawaita wanaume na wanawake pamoja, akijiona mtu wa haki.

"Akina mama, mngependa kujua nini kuhusu afya ya kizazi?"

Wanawake wakainamisha macho. Maka, kaka yake Lesieli, alikuwa safu ya pili. Sitani akarudia swali, macho kwa Lesieli. Lesieli akainuka akatoka, na wanawake wote wakamfuata. Sitani akaandika: Hawana haja.

Jioni akapiga simu.

"Umeniaibisha, Lesieli. Uliniahidi!"

"Mimi ndiye nimekuaibisha? Ulitaka nitaje kizazi changu mbele ya kaka yangu? Huku kaka na dada hata filamu ya mabusu hatuangalii chumba kimoja!"

"Ningejuaje? Mimi sina dada!"

"Si ungeuliza! Kazi yako si kuuliza? Haya, umeandika nini?"

Akamwambia.

"Basi usinipigie tena," Lesieli akasema, akakata.

Jamani, mimi ningemzaba kibao! Lesieli alilia, tena sana. Asubuhi akanawa uso, akaenda kwenye banda wanawake wanakogonga magome ya kutengenezea nguo za sherehe, mahali ambapo mwanamume hakanyagi. Akauliza swali lilelile. Nyundo hazikusimama, na midomo nayo haikusimama. Huyu anauliza kama kupimwa kunauma. Yule anaogopa nesi atakwenda kumsimulia mumewe. Na wote wanataka habari ziingie kwenye simu zao, si kwenye redio inayosikika nyumba nzima. Alizunguka mabanda siku nne, akapata majibu arobaini na sita, kayaandika nyuma ya karatasi za maswali alizogawa Sitani mwenyewe.

Ijumaa, siku ya mwisho ya ripoti, akazitua mezani kwa Sitani, ofisini.

"Sikuja kwa ajili yako. Soma."

Sitani akasoma akiwa amesimama. Jibu la kwanza lilikuwa la Lesieli mwenyewe, kuhusu mama yake. Akazikusanya karatasi, akaingia kwa mkubwa wake bila kubisha hodi. Lesieli akamsikia kupitia ukutani.

"Ripoti yangu ni ya uongo, mzee. Niliuliza vibaya. Ya kweli hii hapa, na jina la juu ni la Lesieli, si langu."

"Tutachelewa!"

"Tuchelewe."

Lesieli akajikuta anatabasamu, akakasirika kwa kutabasamu.

Mtaa ulipokubaliwa kwenye mradi, Jumapili moja baada ya ibada, Sitani akafika kwao, mkeka umefungwa barabara kwa kamba ileile ya makumbi. Akakaa chini mbele ya Maka.

"Kaka, nina swali kwa dada yako. Siwezi kumuuliza ukiwa hapa."

 Maka akainuka, akatoka nje, akaufunga mlango.

"Haya, uliza," Lesieli akasema.

"Unataka kusikia nini kutoka kwangu?"

"Si unajua!"

"Sitaki kukisia tena. Niambie."

"Nataka kusikia ukiomba kunioa."

Akaomba. Na Lesieli akajibu ndiyo kwa sauti ya chini, kaka yake asisikie.