Asali Ambayo Rukaiya Hakuionja

Kila asubuhi Rukaiya alifagia uani, akateka maji, kisha akashika njia ya shule huku akirudia maneno ya Kiingereza. Wiki ile alikuwa na neno moja tu: delicious. Mwalimu Marietha alikuwa amewaeleza darasa la sita kwamba hilo ni neno la kusifia chakula chenye ladha nzuri mno. Basi nyumbani hakukukalika! Uji ulikuwa delicious, mlenda delicious, hata dawa ya kikohozi.

Ijumaa kila mwanafunzi angesifu chakula alicholeta, na mshindi angewakilisha shule kwenye mashindano ya Kiingereza mjini Singida. Rukaiya hakuwahi kutoka Itigi, na safari hiyo aliitaka kwa udi na uvumba.

Baba yake, mzee Idrissa, alikuwa mrina asali. Stoo kulikuwa na ndoo mbili: moja ya asali nyeusi, nyingine ya asali iliyong'aa. Baba alikuwa porini, hivyo Rukaiya hakuuliza. Alijaza chupa kwa asali ile inayong'aa, akatoka mbio.

“This honey is delicious!” alitangaza darasani. Makofi yakalipuka.

Mwalimu Marietha akaonja kijiko kimoja, akakunja uso. “Rukaiya, wewe umeionja?”

Rukaiya aliitazama chupa. Kusema ndiyo kulikuwa rahisi, na Singida ilikuwa karibu sana!

“Hapana, mwalimu. Niliipenda rangi tu.”

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu akampa kijiko. Rukaiya akaonja, macho yakamtoka.

“Lo! Imechacha! Hii ni ya masega machanga. Baba huwa anaitenga.”

“Haya, sasa tuambie kwa Kiingereza.”

Aibu ilimchoma, lakini alisimama wima. “This honey is not delicious. It is sour.”

“Hapo sawa!” mwalimu alisema akicheka. “Mwenzako Nathan amesifu viazi vyake, na mfuko bado umefungwa.” Nathan akainama chini ya dawati. “Rukaiya, Singida utakwenda wewe.”

“Mimi? Kweli, mwalimu?” Rukaiya aliruka nusura amwage chupa.

“Wewe. Umekosea, lakini umesema kweli mbele ya wote. Sikilizeni, wanangu. Ukimwambia mtu chakula ni delicious, anaamini umekionja wewe mwenyewe. Ukisifu usichokijua unamdanganya, hata kama Kiingereza chako kimenyooka. Onja kwanza, ndipo useme.”