Shangazi Apeduno Hakuzaliwa

Msichana wa getini pale bustani ya michezo aliwafunga Hesbon na Brendah vikuku vya karatasi mkononi, kisha akabaki ameshika cha tatu.

"Na hiki cha mama?"

"Mama gani?" Hesbon akauliza.

"Si yule mmekuja na yeye. Amepita hapa saa hii akaelekea kwa miti." Akaonyesha kwa kidevu njia ya kokoto. "Ama si wenu?"

"Dada, sisi ni wawili tu, na tumetoroka," Brendah akasema akicheka.

Njia ya kokoto ilikuwa tupu. Palibaki harufu tu, moshi wa kuni uliochanganyika na mafuta ya mgando, kana kwamba mtu wa jikoni amepita hapo. Hesbon aliinusa, akasita, kisha akajiambia ni watu wanachoma mahindi.

Kutoroka lilikuwa neno la kweli. Hesbon Ilukor alikuwa karani wa ghala la nafaka pale Malaba, na tajiri wake, Mzee Callistus, alikuwa mzee wa kanisa mwenye huruma kwa kila jambo ila likizo. Kwake mfanyakazi aliachiliwa kwa mazishi peke yake. Sasa Brendah alikuwa ameona kwa simu vita vya matangazo kati ya bustani mbili za michezo, Kipepeo ya Mundika na Upinde ya Alupe, kila moja ikijiita namba moja Busia nzima. Jumatano jioni akasukuma sahani kando. "Miaka sita ya ndoa hatujawahi kwenda mahali ambapo hakuna jeneza. Twende zote mbili, tuone ni nani anadanganya." Kesho yake asubuhi, bila kufikiri mara mbili, Hesbon akaua shangazi.

Mungu atusamehe, wengi wetu tumewahi kuua mtu kwa mdomo ili tupate ruhusa. Lakini wengi humtaja nyanya aliyekufa kitambo, wakanyamaza. Hesbon alimtunga mtu mzimamzima. Katika maombi ya asubuhi pale ghalani Callistus alimwambia, "Tuelezee huyu mama, ndugu, tujue tunamwombea nani," naye akaeleza: Apeduno wa Moding, dada ya baba, mrefu, mguu wa kushoto ameuburuta tangu utotoni, ananukia moshi na mafuta ya mgando, chai yake ya majani mengi, ndiye aliyemlea. Mazishi Jumamosi, saa saba mchana. Watu kumi na wawili wakashikana mikono wakalitaja jina hilo mbele za Mungu mpaka mwingine akalia. Hesbon pia alilia. Machozi yalikuja yenyewe, na hilo alipaswa kuliogopa.

Kipepeo walikaa siku nzima ya Ijumaa. Brendah aliandika alama kwa simu yake: choo safi, chipsi baridi, farasi wa plastiki wamebambuka rangi, gurudumu kubwa zuri. Kwenye gurudumu, fundi mmoja aliyeitwa Ejoku aliwafungia chuma cha kifuani, kisha akageukia kiti cha nyuma yao na kusema, "Mama, shika vizuri."

Hesbon akageuka. Kiti hakikuwa na mtu. Lakini walipofika juu kabisa, gurudumu likasimama kidogo, na Busia yote ikaonekana chini, mabati na malori hadi ng'ambo ya Uganda, aliangalia tena, akaona kiti kile kimeinama upande mmoja, kama kinavyoinama kilichokaliwa na mtu mzito. Na wakishuka alisikia chuma kikikwaruzwa polepole. Kraa. Kraa.

"Ni upepo," alisema.

Hapakuwa na upepo.

Walilala gesti pale Busia mjini. Asubuhi mhudumu aliwaletea vikombe vitatu. "Ya mama nimeweka majani mengi vile ameitisha," akasema, akaenda zake.

Brendah alikiangalia kile kikombe cha tatu, cheusi kama lami. Akauliza kwa sauti ndogo, "Hesbon, huyo shangazi ulimwambia boss anafanana aje?"

Akamweleza. Alipofika kwa mguu, Brendah akaweka mkono mdomoni.

"Jana kwa gurudumu nilisikia mguu. Haki twende nyumbani."

"Nyumbani wapi? Leo ndiyo mazishi. Tukionekana Malaba mchana nimekwisha. Kazi imeenda."

"Kwa hivyo tukae wapi?"

Hapakuwa na mahali. Uongo wake mwenyewe ulikuwa umewafungia mlango wa nyumba yao mpaka jioni. Kwa hiyo wakaenda Upinde, kwa sababu palikuwa na watu wengi na muziki, na mtu akiogopa hupenda kelele.

Upinde palipita Kipepeo kwa kila kitu, lakini Brendah hakuandika alama yoyote. Getini walipewa vikuku vitatu, na safari hii hakuna aliyecheka. Saa tano na nusu wakapanda gari moshi dogo linalozunguka bwawa, maana lilikuwa wazi pande zote na lilijaa akina mama na watoto.

Mzunguko wa kwanza, Hesbon alimwona amekaa kwenye benchi karibu na ua, mwanamke mrefu, kitambaa kichwani, amewapa mgongo. Mzunguko wa pili benchi lilikuwa tupu, na yeye alikuwa kwenye behewa la mwisho. Mzunguko wa tatu Hesbon hakutaka kugeuka, akakaza macho mbele kwa shati la dereva, akawa anahesabu vifungo vya kofia ya mtoto aliyekaa mbele yake, huku ile harufu ya moshi na mafuta ikija polepole juu ya shingo yake, ikawa nzito, ikawa ya joto, mpaka akajua bila kuambiwa kwamba kiti cha nyuma yao kimekaliwa, na kwamba aliyekikalia ameinama mbele kama mtu anayetaka kumnong'onezea mwanawe jambo kanisani.

"Yoga, mwanangu," sauti ikasalimia kwa Kiteso. "Pale pa jana palikuwa na kivuli. Hapa ni jua tu."

Brendah aliubana mkono wa mumewe mpaka kucha zikaingia.

"Mlisema nazikwa leo saa saba," sauti ikaendelea, bila hasira, kama mtu anayeuliza kama chakula kimeiva. "Watu wameshaondoka kuja. Wamebeba na shada. Mimi ninalo jina, nina mguu, nina harufu, mmenipa vyote hivyo. Lakini mwili hamkunipa. Watazika nini?"

Gari moshi likasimama. Walipogeuka hapakuwa na mtu. Brendah akashuka, akapiga hatua moja, ya pili, kisha akatazama chini.

"Hesbon, mguu wangu hausikii."

Ulikuwa mguu wa kushoto. Ulimfuata nyuma ukikwaruza saruji. Kraa.

Hesbon alimshika kiuno wakaelekea getini, wakapita mabembea, wakapita wauza soda, wakapinda kwenye mnazi wa plastiki, na walipoinua macho wakajikuta wamesimama tena palepale pa kupandia gari moshi. Wakarudi. Mabembea, soda, mnazi, gari moshi. Mara ya tatu alimbeba mgongoni akakimbia amefumba macho akiitaja damu ya Yesu, na watu wakawacheka wakidhani ni mchezo wa wapenzi, wengine wakawapiga picha, na alipofumbua macho alikuwa mbele ya gari moshi lilelile na ngozi ya mikono ya Brendah iliyomzunguka shingo ilikuwa imepoa kama udongo wa asubuhi na imeanza kunuka moshi.

Mama aliyekuwa akifagia karibu na vyoo akaacha kazi yake, akawafuata. Beji yake ilisema Petronilla. Alimtazama Brendah, kisha akatazama hewa iliyokuwa kando yake.

"Muko na mtu wa tatu," alisema polepole. "Na hana kivuli. Mumemtoa wapi?"

Hesbon akatubu palepale, maneno yakigongana, Callistus, ruhusa, maombi, mazishi.

"Ee, baba," Petronilla akasema. "Hapa mpakani kuna vitu vinazunguka tangu zamani, havina jina, havina kwao. Mtu mwenye akili hata mbuzi hampi jina kama hana mbuzi. Wewe umeita jina na hakuna mwenyewe, tena kwa maombi. Kimoja kimeitika."

"Nifanye nini, mama? Nitapoteza bibi."

"Ni saa ngapi?"

"Saba kasorobo."

"Piga simu. Wale uliowadanganya, hao hao, waambie ukweli wote. Sema huyo mtu hayuko, hajawahi kuwa. Usikate hata kipande, kwa sababu ukibakisha kitu, atachukua hicho. Na kitu kingine," akamkaribia, "usiache watu wamsalimie. Akisalimiwa na watu amekuwa mtu, hutamtoa tena."

Kabla hajabonyeza namba, simu ikalia yenyewe. Callistus.

"Ndugu Hesbon! Tuko hapa soko la Moding, gari limejaa, akina mama wanaimba. Lakini watu hapa wanasema huyo mama hawamjui. Boma ni upande gani?"

Nyuma yake pambio la mazishi lilikuwa linapanda. Brendah alikuwa amekaa chini, midomo imekuwa ya kijivu, na midomo hiyo ilikuwa inaimba pambio lilelile, neno kwa neno, kwa sauti ya mwanamke mzee.

"Boss," Hesbon akasema, "nina jambo la kukiri."

"Sema, ndugu. Nimeweka spika, wote wanakusikia."

Wote. Aliwaona kwa macho ya moyo, watu kumi na wawili na nguo zao za kanisani, walioacha Jumamosi yao wakapanda gari kumfariji. Aliiona meza yake pale ghalani na mtu mwingine ameikalia. Ukweli ulikuwa umefika kwenye ulimi, Mungu ni shahidi, ulikuwa umefika. Lakini aibu ni kitu kizito, nayo ikaugeuza kidogo tu, ikaupunguza ukingo, ili uweze kupita.

"Shangazi hakufa," alisema. "Alizimia, tukaharakisha. Ameamka. Ako hai."

Petronilla akaangusha ufagio.

Simu ikalipuka kwa vigelegele vya kule Moding. "Haleluya! Amefufuka! Msalimie sana! Mwambie tunamsalimia!" Kumi na wawili walimsalimia, mmoja baada ya mwingine, na Callistus wa mwisho, akilia kwa furaha.

Brendah akavuta pumzi ndefu. Rangi ikarudi usoni. Akasimama kwa miguu yake miwili, akakung'uta vumbi kwa sketi. "Mbona niko chini?" akauliza. Hesbon akamkumbatia huku akimshukuru Mungu. Alipogeuka amshukuru Petronilla, alimwona anaenda zake haraka, hatazami nyuma.

Safari hii njia iliwafikisha getini. Na pale getini, kwenye jua, alisimama mwanamke mrefu mwenye kitambaa kichwani na mkoba mdogo mkononi. Kivuli chake kilikuwa kimelala chini kama cha mtu yeyote.

"Mmechelewa," alisema. "Twendeni nyumbani."

"Shangazi, leta huo mkoba nikubebee," Brendah akasema.

Hesbon akamvuta kando. "Brendah, huyu ni nani?"

"Kwani jua limekuingia?" Akamwangalia kwa mshangao wa kweli. "Si ndiye alikulea?"

Wiki tatu mwanamke huyo alikaa nao Malaba. Alikula, alilala, aliosha vyombo. Watu walitoka mbali kumtazama mama aliyerudi kutoka kwa wafu, wakamletea kuku na sukari, na kila aliyeingia alimshika mkono. Hesbon hakuthubutu kumpa wake. Aliacha kula nyumbani. Usingizi ulimkimbia, na majirani wakaanza kusema kwamba si vizuri mwanamume kumchukia hivyo shangazi yake.

Jumapili ya tatu, wakati wa ushuhuda, alisimama kabla hajaitwa.

"Ndugu zangu, nimekuja kutubu. Nilidanganya. Sina shangazi. Baba yangu alizaliwa peke yake. Huyu mnayemwona ameketi mbele hakuzaliwa, mimi nilimtunga ili nipate ruhusa ya kwenda kucheza na bibi yangu. Mimi nililelewa na mama yangu mzazi, marehemu Alinga, aliyeuza mihogo pale Moding mpaka nikamaliza shule. Hakuna mwingine. Mniombee."

Alikuwa amesema yote. Hakubakisha kipande. Akangoja.

Kanisa lilimtazama kwa huruma. Callistus akatoa leso, akajifuta macho. "Keti, ndugu," alisema kwa upole. "Umechoka. Tutakupa mapumziko."

Mbele kabisa mwanamke akasimama. Akaja katikati ya viti akiburuta mguu, na watu wakampisha kwa heshima.

"Msimkasirikie," alisema. "Tangu akiwa mdogo, homa ikimshika huwa hivi. Hata mimi alikuwa hanijui. Nilikuwa namfunga mgongoni nazunguka naye boma mpaka alale."

"Pole, mama," wanawake wakasema. "Pole sana."

Hesbon akafumba macho amtafute Alinga, amsimamishe pale mbele kama shahidi. Aliikumbuka ile homa. Aliukumbuka uwanja uliofagiliwa, jua la jioni, shuka iliyomfunga, mgongo wenye joto chini ya shavu lake. Kilichobaki ni uso. Akangoja yule aliyembeba ageuke, akamsihi ageuke, na katika kumbukumbu hiyo mwanamke akageuka kweli, taratibu, akamtabasamia. Na hakuwa na uso mwingine ila huu ulioinama sasa juu yake katika kanisa.

Akatafuta kumbukumbu nyingine. Siku ya kwanza ya shule. Krismasi. Kitanda cha ugonjwa. Kila mlango aliofungua, mwanamke huyo alikuwa amekwisha ingia.

Mkono ukatua begani mwake, mzito, wa joto, wa mtu aliyemlea.

"Shangazi," Hesbon akasema, machozi yakimtoka yenyewe, "nisamehe."

Na kanisa lote likaitikia amina.