Skrubu ya Hewa

Bwana shamba Apolinari alikutwa asubuhi kwenye mteremko mrefu wa kuelekea Sibwesa, amelala kifudifudi, mkono mmoja chini ya kifua kama mtoto aliyepitiwa na usingizi. Shingo ilikuwa imevunjika. Pikipiki yake ililala juu kidogo, na nyuma yake gurudumu lilikuwa limelima mfereji kwenye vumbi.

Inspekta Gaspar alichuchumaa pale kwenye mfereji.

"Hakukosea kona huyu," alisema. "Gurudumu la nyuma lilikwama ghafla, likamtupa."

Akakanyaga kiki. Ikagoma kama jiwe. Akafungua plagi, akaiinua juani. Nyeupe kama chokaa.

"Plagi nyeusi, petroli imezidi," alimwambia Sajini Lukmani. "Nyeupe hivi, hewa imezidi. Pikipiki hii inakunywa oili yake humohumo ndani ya petroli. Petroli ikipungua, oili nayo inapungua. Injini ikaungua, pistoni ikang'ang'ania. Kuna mtu ameichezea kabureta inayochanganya petroli na hewa."

Sajini akapiga paja. "Mbaruku, fundi wake! Afande, soko zima lilimsikia. Marehemu alimwita fundi wa baiskeli, naye akajibu, 'Iko siku utaniheshimu ukiwa chini.' Na kabureta ameirekebisha yeye wiki hii hii!"

Mchana ule fundi Mbaruku alikuwa mahabusu. Kule Majengo, vijana walishavunja mlango wa karakana yake, na mkewe alikuwa amejifungia ndani na watoto.

"Ulimtishia?"

"Nilimtania, Afande. Yeye kanianza."

"Hewa uliifungua kiasi gani?"

Mbaruku akamtazama, macho mekundu. "Kitendawili."

Sajini akafoka, "Unatufanya watoto?" Lakini Inspekta akainua mkono. "Tega."

"Wawili wanakula sahani moja. Mmoja akizidisha tonge, nyumba inaungua."

"Petroli na hewa."

"Umepata. Sasa mimi niliyewalisha hawa wawili miaka yote hii, nisahau leo? Kachukue bisibisi yangu, ujaribu kwenye skrubu ya hewa, pale kwenye kabureta. Inaingia kama kidole kwenye pete. Haichubui."

Inspekta alikwenda uani ilikowekwa pikipiki. Bisibisi iliingia sawasawa. Lakini kichwa cha skrubu ya hewa, shaba laini ile, kilikuwa kimechanwachanwa na kitu chembamba kilichoteleza mara nyingi. Na skrubu yenyewe ilikuwa imefunguliwa mno. Fundi hafanyi hivyo, hata akiwa na hasira. Hii ilikuwa kazi ya mkono usiojua.

Nyumbani kwa marehemu, Nsemulwa, ilikolala pikipiki kabla ya safari, wanawake walikuwa wamekaa kwenye mkeka. Mjane, Romana, alikuwa pembeni anamenya mihogo ya wageni. Wenzake walimkataza, akakataa kukaa bure. Tumbo lake lilikuwa kubwa, limeshuka tayari.

Inspekta akaketi kwenye kigoda. Ncha ya kisu alichomenyea ilikuwa imejikunja.

"Pole, binti yangu."

"Nimeshapoa, baba."

"Kisu hiki kimekunjwa na nini?"

Mkono ukasimama. "Na pikipiki."

"Nani alikitumia?"

"Mimi. Jioni, mume wangu akiwa anaoga." Akatazama chini kwa aibu, kama mtu aliyekamatwa akidokoa nyama chunguni. "Nilimwona fundi hapa uani akiilegeza ile skrubu, injini ikakohoa, ikafa. Kisha akairudisha. Nikasema, na mimi nitailegeza, nisiirudishe. Isiwake."

"Kwa nini?"

"Nimezika watoto wawili, baba. Wa kwanza alizaliwa baba yake yuko safarini Karema. Wa pili, baba yake yuko Mpimbwe kwenye mpunga wa watu. Wote wawili majirani ndio waliowachimbia. Hakuwaona hata sura. Nikamwambia, safari hii kaa, huyu nimzae ukiwa mlangoni. Akanishika shavu, akacheka. Akasema, 'Sibwesa siyo Ulaya, nitarudi.'" Akafuta pua kwa kiganja. "Lakini alfajiri iliwaka. Nikajua Mungu amekataa. Basi sikusema kitu. Haikudhuru, si ndiyo?"

Inspekta Gaspar angeweza kunyamaza. Alitamani sana kunyamaza. Lakini kule mahabusu kulikuwa na mtu, na Majengo kulikuwa na watoto nyuma ya mlango.

"Alivuta choki," alisema polepole. "Choki inaziba hewa, ndiyo maana iliwaka. Tambarare ilikwenda vizuri. Kule mteremkoni akaachia mkono wa mafuta, na hapo ile skrubu ndiyo inayotawala. Hewa tupu. Injini ikakauka."

Romana alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akakiweka kisu chini taratibu, akakisogeza mbali naye, akashika tumbo kwa mikono miwili.

"Basi nimemuua mimi."

"Hukukusudia."

"Nimemuua mimi. Yule fundi, baba wa watu, mfungulieni. Nipeni kanga yangu, twende nikaseme."

Alisema yote kituoni, akatia dole gumba. Sajini Lukmani aliandika bila kuinua kichwa.

Mbaruku alipofunguliwa, Inspekta mwenyewe ndiye aliyemweleza. Alidhani fundi atalaani, na alikuwa na haki. Fundi alisimama kizingitini, viatu mkononi, akimtazama yule mwanamke kwenye benchi.

"Dada yangu," alisema, "si ungekuja kwangu? Ningemfichia plagi tu. Asingekwenda popote."