Hebu Pumua, Baba

JUMANNE, SAA KUMI JIONI

Chumba cha nyuma cha dobi kilinuka sabuni na mvuke wa pasi. Walikuwa watatu. Kaka, mkubwa wa genge, alichora hoteli kwa chaki juu ya meza ya kupigia pasi. Funguo, mwanamke ambaye hakuna kitasa kilichowahi kumshinda, alikuwa akila karanga. Wa tatu alikuwa mdogo wake Kaka wa tumbo moja. Walimwita Pua.

"Ukumbi wa majaji wa mashindano ya wiski huu hapa," Kaka alisema. "Stoo ya chupa za mnada iko nyuma yake. Majaji wakipishana alama inakuwaje?"

"Milango inafungwa. Tunaonja upya mpaka tukubaliane. Walinzi wote wanahamia mlangoni, hatoki mtu, haingii mtu," Pua alijibu.

"Basi wewe, ukishakaa nao, pinga alama zao. Ukigongewa, ukaambiwa gari lako limezuia njia, ujue tumemaliza. Kubali, toka, tule kona."

Pua alitazama chini. "Kaka, huu mwaka wa pili sijagusa."

"Nani kasema unywe? Unaonja, unatema."

"Binti yangu je?"

Wote walikijua kisa hicho. Kila jioni binti alimsubiri mlangoni, mikono kifuani. Hebu pumua, Baba. Pua anapumua, binti ananusa, kisha anasogea kando kumpisha. Kwa sharti hilo tu ndipo aliporudi kuishi naye. Siku atakayonusa pombe, anafunga begi anarudi kwa shangazi yake, na harudi tena. Marehemu mama yake naye alikuwa hivyo hivyo, akisema amesema.

"Utasukutua. Utatafuna karafuu," Kaka alisema, sauti ikashuka. "Mdogo wangu, ulipokuwa unajitapikia, nani alikuogesha?"

"Wewe, Kaka."

Ilikuwa kweli, na hapo ndipo palipomuuma.

"Huyu atatuangusha," Funguo alisema.

"Huyu damu yangu. Hajawahi kuniangusha."

JUMATANO, SAA NNE ASUBUHI

Jaji mmoja alikuwa ameamka na tumbo la kuhara. Kaka ndiye aliyejua limetoka wapi. Mwenyekiti, mzee wa tai ya kipepeo, alimkumbuka Pua tangu enzi zake za uonjaji, kabla hajafukuzwa kazi kwa kunywa sampuli. Akamkumbatia, akampa kiti cha mgonjwa.

"Karibu nyumbani, bwana!"

Lo! Neno hilo lilimchoma.

Glasi zikapangwa. Wiski tano za kimea, kila moja na kiwanda chake, majina yamefichwa. Ya kwanza ilinuka nyasi kavu na tofaa bichi. Akasukasuka mdomoni, akatema kwenye kopo. Ya pili ilikuwa moshi mtupu, na chumvi, na dawa ya kidonda. Akatema. Ya tatu ilikuwa tamu mbele, chungu nyuma. Ya nne maji matupu, aliyeitengeneza alikuwa na haraka. Alitoa alama kwa haki, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alijiona mtu.

Ya tano ilikuwa nyingine kabisa. Asali. Ganda la chungwa lililokauka. Kiti cha ngozi cha zamani. Kisha, kwa mbali, moshi wa kuni. Hakuwahi kukutana na kitu kama hicho maishani. Kuitema kulimtia uchungu.

"Tisini na sita," mwenyekiti alisema. Wenzake wakaitikia.

"Sitini," Pua alisema.

"Sitini? Acha masihara!"

"Pipa lilikuwa bovu."

Alisema uongo huo mbele ya glasi yenyewe, akaona aibu. Milango ikafungwa.

SAA TANO KASOROBO

Glasi ya pili ya wiski ile ile. Akatema. "Sitini."

SAA TANO NA ROBO

Ya tatu. Akatema. "Sitini." Mwenyekiti akavua miwani. Mlango kimya. Labda kitasa kimemgomea Funguo. Labda Kaka kaumia. Akikubali sasa, walinzi watarudi stoo na kuwakuta humo humo. Mawazoni akamwona Kaka na pingu mikononi.

"Niongezeeni," alisema.

Ya nne aliimeza.

Haikumponyoka, tusidanganyane. Alitaka kutema, ulimi ukakataa kuiachia. Ikashuka polepole, yenye joto, kama mwenye nyumba anayejua swichi ya taa ilipo. Machozi yakamtoka. Mwenyekiti akadhani ni mapenzi ya kazi.

"Bado sijaridhika," Pua alisema, akasogeza glasi. Ya tano aliimeza pia.

SAA SITA

Hodi. Pua akainuka. Asante Mungu.

Alikuwa meneja wa hoteli, uso umempauka. Stoo ilikuwa imekombwa. Mtunza bustani aliona mwanamume na mwanamke wakipakia makasha, akadhani ni wafanyakazi. Waliondoka saa tano juu ya alama.

Saa tano. Pua akarudisha hesabu. Saa tano alikuwa hata hajaletewa ya tatu. Ile ya nne hakuwa akimlinda mtu. Kaka alikwishaingia mitini bila kumgongea, akamwacha kwenye mataa.

Akakaa.

"Tisini na sita," alisema taratibu. "Andikeni. Haina kasoro, haikuwa nayo tangu mwanzo."

Majaji wakamtazama, mmoja mmoja wakaelewa. Meneja akatoa simu. Pua hakukimbia.

SAA KUMI NA MBILI JIONI

Binti alifika kituo cha polisi na shangazi yake, bado na sare ya shule. Walitenganishwa na wavu. Hakuuliza habari za makasha.

"Baba mkubwa hapokei simu," alisema. Kisha akasogeza uso mpaka wavuni. "Hebu pumua, Baba."

Pua akafunga mdomo. Akabana pumzi. Binti akasubiri vile vile alivyosubiri kila jioni, bila hasira, mpaka kifua kikamshinda baba yake.

Akapumua.

Binti akanusa, akafumba macho. Shangazi akamshika bega.

"Twende, mwanangu. Begi lako liko wapi?"

"Nyumbani," binti alisema. "Sikulifunga. Nilijua wamemsingizia ulevi."