Bi Hafi

Moyo wa Bi Hafi ulisimama tena, safari hii chai ya asubuhi ikiwa bado mezani. Kengele ililia katika wodi ya wazazi, muuguzi Sostenes akaruka na kuanza kumkandamiza kifua, huku Daktari Kabula akiagiza damu. Muda si muda mgonjwa akafumbua macho, akasema kwa sauti ya kibibi, "Asanteni, wanangu."

Wakacheka, wakarudi kwenye vikombe vyao.

Bi Hafi alikuwa mgonjwa-mwigo: mashine yenye ngozi ya joto, damu ya bandia na ubongo wa kompyuta. Alikuwa na kitanda chake katikati ya wagonjwa wa kweli, ili timu ijifunze palepale inapofanyia kazi. Jina alipewa na wauguzi, na lilimstahili. Mhandisi Nyamizi, aliyemtengeneza, alimpangia kwamba timu ikifuata hatua zote sawasawa, lazima azinduke. Mwigo wa zamani ulikuwa ukifa hovyo, wauguzi wakavunjika moyo na kuacha kazi, naye Nyamizi akawahurumia. Na kweli, mjini Unyanyembe Mpya vifo vya wazazi vilipungua mno. Nani angemlaumu?

Kisha akaja Minza, mzazi wa kweli, damu ikamtoka baada ya kujifungua. Timu haikukosea hata hatua moja. Minza akafa.

Kioo cha mapigo ya moyo kilionyesha hivyo, ila wao waliendelea kukandamiza, wakingoja afumbue macho kama Bi Hafi. Nje, mumewe Lubango alisimama na chupa ya uji, akimwuliza kila apitaye, "Naruhusiwa kumpelekea? Utapoa." Hakuna aliyemjibu, kwa sababu hakuna aliyewahi kujifunza jibu hilo. Alikuja kuelewa mwenyewe alipoona machela imefunikwa shuka. Ukatili gani huo, na haukukusudiwa na mtu!

Nyamizi aliposikia alilia. Kisha akaufungua ubongo wa Bi Hafi, akaubadili.

"Mhandisi, usimuue," Sostenes alimsihi. "Tumeshamzoea."

"Ndiyo maana, kaka."

Siku ya zoezi walifanya kila kitu sawa, na Bi Hafi hakuzinduka. Daktari Kabula alisita sana kabla ya kusema, "Basi. Tuache."

"Ndugu yake yuko nje," Nyamizi akamwambia Sostenes. "Nenda ukamwambie."

Sostenes alidhani atakuta mwigo mwingine. Kwenye benchi alikuwa ameketi Lubango, kichanga kifuani. Nyamizi alikuwa amekwenda kumwomba radhi na kumweleza habari ya zoezi, naye Lubango akasema nafasi ya ndugu wa mgonjwa ataikalia mwenyewe.

Maneno aliyofundishwa Sostenes kwa ajili ya zoezi hili yakamtoroka yote. Akaketi kando yake.

"Shemeji," akasema, "Minza alitokwa na damu nyingi. Tulijitahidi, tukashindwa. Amefariki. Ilinipasa nije siku ile."

Lubango alimpapasa mtoto mgongoni.

"Aliniulizia?"

"Aliuliza kama umefika na uji. Nikamwambia umefika."

Lubango akaitikia kwa kichwa polepole, na machozi yakamtoka kwa mara ya kwanza tangu msiba.

"Sasa nimeambiwa," akasema.