Muhuri Uliofunguliwa Njiani

Kila Jumamosi Uwitonze, mwanafunzi wa darasa la sita, alitoka kijiji cha Kingi pamoja na mama yake kwenda soko la Sake kununua chumvi na sabuni. Mama yake, Mama Adrienne, alikuwa muuguzi wa kituo cha afya cha kijiji. Jumamosi hiyo alikuwa na kazi nyingine pia: kupokea mfuko mdogo kutoka kwa fundi wa kompyuta, Papa Thierry.

Ndani ya mfuko mlikuwa na kifaa kidogo kama kidole gumba. Kilibeba namba za siri za kufungua kompyuta mpya ya kituo, yenye habari za wagonjwa wote. Papa Thierry aliwaeleza kwamba namba hizo hazitumwi kwa simu, zisije zikanaswa. Hupelekwa kwa mkono, katika mfuko uliofungwa kwa kanda ya muhuri.

Wakati wa kurudi, pikipiki waliyoikodi ilipata pancha. Mama alipokuwa akimsaidia dereva, Papa Valens, Uwitonze alibaki na mfuko. Alitaka tu kuona kifaa. Akavuta ncha ya kanda kidogo. Mara neno la Kifaransa OUVERT, yaani "imefunguliwa", likajitokeza kwa rangi nyekundu. Aliibana kanda kwa nguvu, lakini neno halikufutika. Akauficha mfuko chini ya sabuni.

Safari ilipoendelea, Papa Valens alimweleza Mama kwamba kituo kimemchagua kubeba chanjo kila mwezi. Alikuwa na furaha sana. Uwitonze akawaza: muhuri ukionekana umefunguka, nani atashukiwa? Akaomba pikipiki isimame.

"Mama," alisema, "ni mimi njo nilivuta ile kanda. Papa Valens hakuigusa."

Mama aliutazama muhuri, kisha akampigia fundi simu. Papa Thierry alisema namba zile hazifai tena, atatengeneza nyingine. Basi Jumatatu Mama akarudi Sake chini ya mvua, na wagonjwa wakasubiri hadi alasiri ndipo kompyuta ikafunguliwa.

Jioni Mama alimketisha Uwitonze karibu naye.

"Ulikosea, mwanangu, na kosa lako limewachosha watu wengi," alisema. "Ukikabidhiwa siri ya wengine, usiichungulie. Lakini ungenyamaza, Papa Valens angepoteza kazi bila hatia. Namba tumepata nyingine. Lakini jina lake tungelisafisha kwa kitu gani?"